Nani Humchagua Gavana Congo? Kura ya Jimbo na Yanayofuata Baada ya Matokeo

Uchaguzi wa Desemba 2023 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ulikuwa na kura nne kwa mpigo: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo, na katika baadhi ya maeneo ya diwani wa komuni. Dunia iliitazama ya rais. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 73 na ushei, Mahakama ya Katiba ikathibitisha Januari 2024, na waandishi wa nje wakarudi kwao. Lakini kwa mtu wa Bukavu, Kalemie au Kolwezi, kura inayoamua nani atasimamia barabara za jimbo, kodi za sokoni na mgao wa fedha za madini ilikuwa ile ya tatu, ya mbunge wa jimbo. Matokeo yake yalitoka baadaye, bila kelele nyingi, na hadi leo wapo walioipiga ambao hawajui ilikwenda wapi.

Ilikwenda mbali. Katiba ya 2006 inasema gavana na makamu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa muhula wa miaka mitano. Wabunge haohao ndio wanaowachagua maseneta, wanne kwa kila jimbo na wanane kwa jiji la Kinshasa. Majimbo yako 26, kwa hiyo maseneta wa kuchaguliwa ni 108. Raia anapobonyeza picha ya mgombea wa jimbo kwenye mashine ya kura, kwa tendo hilo moja amekabidhi nafasi tatu: ubunge wa jimbo, ugavana na useneta. Ya kwanza anaiona. Mbili zilizobaki zinaamuliwa miezi kadhaa baadaye, katika chumba asichoruhusiwa kuingia, na kwa kura ya siri.

Shida nyingi za siasa za majimbo Congo zinaanzia hapo, na si mashariki peke yake.

Tuanze na hesabu, maana hata kumpata huyo mbunge wa jimbo si jambo la kujumlisha kura na kumtangaza aliyeongoza. Kwenye eneo la uchaguzi lenye kiti kimoja, ndiyo, mwenye kura nyingi anashinda. Penye viti viwili au zaidi, viti hugawanywa kwa orodha za vyama, na kabla orodha haijahesabiwa lazima chama au muungano wake uwe umevuka kizingiti cha asilimia 3 ya kura halali za jimbo zima. Jimbo likiwa na kura halali milioni moja, kizingiti ni kura 30,000. Chama chenye kura 25,000, hata kama zote zimetoka wilaya moja inayokipenda kwa dhati, kinaachwa nje, na mgombea wake anayependwa kuliko wote wilayani anabaki nyumbani.

Zilizovuka ndizo zinazogawana. Chukua mfano wa eneo lenye viti vinne na kura 100,000 za orodha zilizovuka. Kila kiti kina thamani ya kura 25,000. Orodha ya kwanza ina kura 45,000, inapata kiti kimoja na kubakiwa na 20,000. Ya pili ina 30,000, inapata kimoja na kubakiwa na 5,000. Ya tatu ina 17,000 na ya nne 8,000. Hakuna iliyofikia kiti kizima. Viti viwili vilivyosalia huenda kwa wenye masalio makubwa, yaani orodha ya kwanza kwa 20,000 na ya tatu kwa 17,000. Mwisho wa hesabu, wa kwanza ana viwili, wa pili kimoja, na wa tatu mwenye karibu nusu tu ya kura za wa pili naye ana kimoja. Ndani ya orodha, kiti humwendea aliyepata kura nyingi binafsi kuliko wenzake.

Hesabu hii si wizi. Ni utaratibu unaotumika katika nchi nyingi, na una nia njema ya kuwapa wadogo sauti. Ila matokeo yake ni kwamba mgombea mwenye kura elfu kadhaa anaweza kukosa huku jirani yake mwenye kura mia kadhaa akiingia kwa kubebwa na orodha. Mtaani watu wakiona hivyo husema wameibiwa, na tume ya uchaguzi, CENI, haijawahi kuweka bidii ya kutosha kuwaeleza. Kizingiti pia kimezaa biashara ya miungano: wanasiasa wasio na itikadi moja wala jimbo moja huungana chini ya jina moja ili wavuke asilimia 3, kisha kila mmoja anashika njia yake bungeni. Mwaka 2023 wagombea wa ubunge wa majimbo walizidi 40,000, nao mabunge yote 26 yakijumlishwa yana viti 780, vichache kati ya hivyo vikiwa vya machifu wanaoteuliwa bila kupigiwa kura na raia.

Wizi wenyewe, ule wa kweli, haukukosekana. Januari 5, 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa ngazi mbalimbali. Ilitaja udanganyifu, kujaza kura bandia, uharibifu wa vifaa na kushikilia mashine za kura kinyume cha sheria. Miongoni mwao walikuwemo mawaziri na magavana waliokuwa madarakani, akiwemo Gentiny Ngobila wa Kinshasa. Uchaguzi wa Masimanimba mkoani Kwilu na Yakoma huko Nord-Ubangi ulifutwa kabisa. Mashine ya kura ilikuwa imewekwa ili kuharakisha upigaji na kuzuia udanganyifu. Kupatikana kwake mikononi mwa wagombea ni aibu ambayo nadhani ilistahili zaidi ya kufutiwa kura.

Kufutwa kwa Masimanimba kunaonyesha jinsi ngazi hizi zinavyoshikana. Bila wabunge wa Masimanimba, Bunge la Kwilu halikukamilika. Bila bunge kamili, gavana hakuweza kuchaguliwa. Upigaji kura ulirudiwa Desemba 15, 2024, mwaka mzima baadaye, na jimbo likaendelea kungoja gavana wake hadi 2025. Wakazi wa Idiofa na Gungu, ambao kura zao hazikuwa na kasoro hiyo, walikaa bila gavana wa kuchaguliwa kwa sababu ya wilaya jirani.

Kwingineko magavana walichaguliwa Aprili 29, 2024, miezi minne baada ya raia kupiga kura. Haut-Katanga ilimrudisha Jacques Kyabula Katwe. Lualaba ilimpa Fifi Masuka. Kivu Kusini ilimchagua Jean-Jacques Purusi Sadiki. Karibu kila mahali aliyeshinda ni wa Muungano Mtakatifu, kambi ya rais. Ni jambo la kutarajiwa, maana kambi hiyo ndiyo iliyojaza mabunge. Lakini ukirudi nyuma miaka mitano utaona kwamba wingi wa viti na ushindi wa ugavana havifuatani kila mara.

Katika uchaguzi wa Desemba 30, 2018, Tshisekedi alitangazwa rais huku kambi ya mtangulizi wake Joseph Kabila, FCC, ikichukua mabunge mengi ya majimbo. Machi 2019 wabunge wa majimbo walichagua maseneta. FCC ilitwaa zaidi ya viti 80 kati ya 100 vilivyogombewa. Kinshasa, ambako chama cha rais, UDPS, kilikuwa na wabunge 12 katika bunge la watu 48, hakikupata hata seneta mmoja. Wabunge wake walikuwa wamewapigia kura wengine. Vijana wa UDPS waliingia mitaani Kinshasa na Mbuji-Mayi, askari polisi mmoja akauawa, na Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta na kuahirisha uchaguzi wa magavana, huku akitaka madai ya hongo yachunguzwe. Siku chache baadaye zuio likaondolewa. Magavana walichaguliwa Aprili 10, na FCC ikapata majimbo mengi.

Kwa nini hongo hushamiri hapa kuliko kwenye kura ya raia? Kwa sababu ya udogo wa idadi. Katika bunge la watu 48, kura 25 zinatosha kumpata gavana. Mabunge mengi ni madogo kuliko hilo. Kununua mamilioni ya raia ni kazi ngumu na ghali. Kununua watu kumi na watano waliokaa hoteli moja kunahitaji mfadhili mmoja tu. Wagombea wanajua hivyo, wabunge wanajua, na wengi wa wabunge hao wamekopa kwa ajili ya kampeni na wanasubiri msimu wa useneta na ugavana ili wafidie. Ongeza kwamba kura ni ya siri. Siri hiyo iliwekwa kumlinda mbunge dhidi ya vitisho, lakini humlinda pia dhidi ya chama chake na dhidi ya waliomtuma.

Mwaka 2007 gharama yake ilikuwa damu. Katika jimbo la Bas-Congo, ambalo sasa ni Kongo Central, upinzani uliamini una wingi wa kutosha. Kura ya ugavana ya Januari 2007 ikampa Simon Mbatshi Batshia ushindi wa kura 15 dhidi ya 14. Wafuasi wa Bundu dia Kongo, vuguvugu la kidini na kisiasa ambalo kiongozi wake Ne Muanda Nsemi alikuwa mgombea mwenza wa aliyeshindwa, waliandamana Matadi, Boma na Muanda. Polisi na wanajeshi walijibu kwa risasi, na zaidi ya watu 100 waliuawa kati ya Januari 31 na Februari 1. Baada ya tukio kama hilo nchi ingepaswa kukaa chini na kujiuliza kama utaratibu huu unafaa. Haikufanya hivyo.

Badala yake utaratibu ulirefushwa. Wabunge wa majimbo waliochaguliwa Oktoba 2006 kwa miaka mitano hawakupata warithi 2011, wala 2012, wala 2016. Walikaa hadi mwanzoni mwa 2019, na maseneta waliochaguliwa nao 2007 wakakaa vilevile. Katikati ya muda huo, mwaka 2015, majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26. Katanga ikawa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kugawanya kulikuwa kumeandikwa kwenye katiba tangu 2006, lakini kulifanywa haraka pale ambapo gavana wa Katanga, Moïse Katumbi, alikuwa anaelekea kuachana na kambi ya Kabila, na wengi wa Lubumbashi hawajawahi kuamini kwamba hayo yalikutana kwa bahati. Machi 2016 magavana wa majimbo 21 mapya walichaguliwa na wabunge ambao muhula wao ulikuwa umekwisha karibu miaka mitano kabla. Mtoto aliyezaliwa Kalemie mwaka 2006 alifika darasa la sita bila wazazi wake kupata nafasi ya kubadilisha mbunge wa jimbo.

Sasa tuseme gavana amepatikana. Je, atabaki? Bunge la jimbo likipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, anaondoka. Hilo ni jambo zuri kwenye karatasi, lakini angalia lilivyotumika. Desemba 2020 Tshisekedi alivunja ushirika wake na Kabila na kutangaza Muungano Mtakatifu. Wabunge wa taifa walihama kwa mamia. Majimboni mawimbi yalifika mwaka uliofuata. Mei 2021 Bunge la Tanganyika lilimwondoa Zoé Kabila, ndugu wa rais wa zamani. Septemba, Lualaba ikamwondoa Richard Muyej akiwa Afrika Kusini kwa matibabu, na makamu wake Fifi Masuka akashika nafasi hadi alipochaguliwa rasmi 2024. Kyabula wa Haut-Katanga, aliyekuwa ameingia kwa mgongo wa FCC, alihamia kambi mpya na akabaki. Kivu Kusini wabunge walimpigia Théo Ngwabidje kura ya kumwondoa mwishoni mwa 2021. Mahakama ya Katiba ikamrudisha. Kwa hiyo kati ya 2019 na 2022 sura ya kisiasa ya majimbo mengi iligeuka, na hakuna raia hata mmoja aliyeitwa kituoni.

Juu ya yote hayo kuna mkono wa Kinshasa. Marekebisho ya katiba ya Januari 2011 yalimpa rais uwezo wa kumwondoa gavana au kuvunja bunge la jimbo panapotokea mgogoro mkubwa wa kudumu, baada ya kushauriana na uongozi wa mabunge mawili ya taifa. Na kuna mazoea yasiyoandikwa kwenye katiba: waziri wa mambo ya ndani humwita gavana Kinshasa kwa mashauriano, na gavana hukaa huko wiki baada ya wiki huku jimbo likiongozwa na makamu wake.

Fedha ndiyo kamba fupi kuliko zote. Ibara ya 175 ya katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yakatwe palepale yanapokusanywa. Haijawahi kutekelezwa. Kinachofanyika ni kwamba mapato yote huenda Kinshasa, kisha Kinshasa hurudisha kiasi inachoamua, siku inayoamua, na kiasi hicho kiko chini kabisa ya asilimia 40. Wabunge wa majimbo hukaa miezi bila posho. Gavana aliyeahidi barabara hutumia muda wake akibisha hodi kwenye wizara za fedha na bajeti, na aliye karibu na rais hufunguliwa mapema. Mtu akiniuliza kwa nini karibu magavana wote huishia kambi ya rais, nitamwonyesha ibara hiyo kabla ya kumweleza habari za itikadi.

Majimbo ya madini yana pumzi kidogo. Sheria ya madini ya 2018 iligawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hutoa kwa madini zinayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa serikali ya mtaa palipo mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa Lualaba yenye kobalti na shaba nyingi, asilimia 25 ni fedha za kweli. Kwa Sankuru ni karibu na sifuri. Ndiyo maana kiti cha ugavana Kolwezi, makao makuu ya Lualaba, hugombewa kwa nguvu ambazo huwezi kuzikuta Lusambo, makao makuu ya Sankuru.

Na yapo majimbo ambayo safari hii yote iliwapita pembeni. Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Wakazi wa Goma, Beni, Butembo na Bunia walipiga kura ya jimbo 2023, lakini wabunge wao hawakuwa na gavana wa kumchagua, kwa kuwa ugavana uko mikononi mwa maofisa walioteuliwa na rais. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kabisa kwa sababu ya vita na waasi wa M23. Kwamouth, magharibi, vilevile kwa sababu ya mapigano yake. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na waasi wakaweka magavana wao. Serikali ya Kivu Kusini iliyotokana na kura ya Aprili 2024 ilihamia Uvira, na Desemba 2025 vita vikaifuata huko.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wameshaona tofauti. Kaunti 47 huchagua magavana wao moja kwa moja tangu 2013. Katiba yao inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kiwango kidogo kuliko 40 ya Congo, ila zinapata. Gavana akitakiwa kuondoka, bunge la kaunti humshtaki na Seneti ndiyo inayohukumu, kama ilivyokuwa kwa Kawira Mwangaza wa Meru mwaka 2024. Hongo ipo na ugomvi upo, lakini anayetaka ugavana wa Kisumu au Mombasa lazima akaombe kura kwa watu wa Kisumu na Mombasa. Tanzania Bara iko upande mwingine kabisa: mkuu wa mkoa huteuliwa na rais, na hakuna anayejifanya kuwa amechaguliwa.

Congo imesimama katikati, na naona hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu raia anaambiwa gavana ni wake huku hana njia ya kumfikia. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kutafakari katiba mpya. Upinzani ukaona humo jaribio la kurefusha muhula wake, na woga huo una sababu. Lakini katika mjadala huo hoja ya kumchagua gavana kwa kura ya raia wote imerudi tena, na ni hoja nzuri hata ikibebwa na mtu unayemshuku. Wanaoipinga husema gavana wa kuchaguliwa na raia anaweza kukutana na bunge la jimbo lenye uadui, kazi zikakwama. Kweli inaweza kutokea. Ila Lualaba na Kivu Kusini kazi zilikwama hivyohivyo 2021, chini ya magavana waliochaguliwa na wabunge haohao waliowageuka.

Kinachoweza kufanywa bila kugusa katiba ni kile ambacho imeshakiamuru: asilimia 40 ikatwe kwenye chanzo. Benki Kuu ina matawi majimboni, mamlaka za kodi zina ofisi zake huko, na sheria ya fedha za umma ya 2011 ipo. Gavana asiyelazimika kwenda Kinshasa kuomba haki ya jimbo lake atakuwa na muda wa kujibu maswali ya bunge lake, na mbunge anayelipwa kwa wakati atakuwa na sababu moja pungufu ya kupokea bahasha hotelini usiku wa kuamkia kura.